Msimu mpya umeshusha ranki yako? Jinsi ya kurudi juu na wenzako bila kuachana njiani

Wana wa kusini na wengine wote, mambo vipi. Mimi niko Mtwara mjini, gemu za bunduki za mtandaoni nimeanza na PUBG Mobile mwaka 2018, alafu Call of Duty Mobile (CODM) ilivyotoka Oktoba 2019 nikahamia huko na ndo niko mpaka leo. Skwadi yetu tuko watano, wawili Mtwara hapa, mmoja Newala, mmoja Masasi, mmoja Lindi, na kila msimu wa ranki (ngazi unayopanda ukishinda mechi) ukiisha simu yangu inaita kwa maswali yaleyale, kaka mbona nimeshushwa, kaka nimefungiwa au, kaka mbona siwezi kuingia lobi yako (pale skwadi inapokusanyika kabla ya mechi). Kwaiyo naandika yote hapa vile sisi tunavyofanya, ili ukimtumia mwenzako asome mwenyewe.

Kabla ya hatua yoyote shika hili moja: ranki inapanda tena, ila mshikaji akishakata tamaa akafuta gemu, kumrudisha ni kazi. Nimepoteza watu wawili wa skwadi kwa njia hiyo, wote walikua wazuri kuliko mimi. Kila kitu ninachoandika hapa chini lengo lake ni kwamba msimu ukifutwa mrudi wote, sio mmoja aruke juu na wengine wabaki.

HATUA YA 1: Jua kwanza kilichofutwa ni nini

Watu wanasema tu "wameriseti" lakini kuna vitu vinne tofauti na kila kimoja kina dawa yake.

Cha kwanza ndo cha kawaida, ranki ya msimu. PUBG Mobile una Bronze mpaka Conqueror, CODM una Rookie mpaka Legendary, Free Fire una Bronze mpaka Grandmaster. Msimu ukiisha unashushwa ngazi kadhaa, hurudishwi sifuri, na leveli ya akaunti yako haiguswi, bunduki zako zipo, skini zako (mapambo ya bunduki na mchezaji) zipo. Hujafungiwa na hujakosea popote, kila mtu kashuka.

Cha pili ni prestiji ya Call of Duty ya kompyuta na pleisteshen. Hii unairiseti mwenyewe kwa kubonyeza. Ilianza kwenye Call of Duty 4: Modern Warfare ya 2007, ukifika leveli 55 unachagua kurudi leveli 1, unapoteza bunduki ulizofungua, unapewa nembo mpya, na unaweza kurudia mara kumi. Black Ops 6 ya 2024 wameirudisha. Kama mnacheza kundi msibonyeze ovyo, mana usiku huo utaingia na bunduki za mwanzo wakati wenzako wana kila kitu, kubalianeni mbonyeze wiki moja.

Cha tatu ni kufutwa kabisa. Rust, gemu ya kujenga na kuishi, wanafuta seva Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, nyumba uliyojenga na mali zote zinaondoka. Hapo ni kuanza pamoja tu, na kwa kweli ndo siku nzuri kuliko zote ya kumkaribisha mtu mpya mana wote hamna kitu.

Cha nne ndo kibaya, na sio riseti. Ni akaunti kupotea.

HATUA YA 2: Funga akaunti yako leo, sio kesho

Hapa nitakaa kidogo mana nimeumia. Akaunti yangu ya kwanza nilikua nacheza kama mgeni, unabonyeza tu unaingia, hakuna barua pepe hakuna nini. Akaunti ya mgeni ni kama chumba cha gesti, unalala humo lakini hakuna karatasi inayosema ni chako. Simu ikaanza kuganda, nikampelekea fundi akaiflashi, jioni nikapakua gemu upya nikafungua, ikaniletea mchezaji mpya leveli 1, haina jina, haina marafiki. Nilikaa pale kibarazani naiangalia ile skrini mpaka mama akaniuliza kuna msiba gani. Miaka miwili ya kucheza ilikaa kwenye memori ya simu na simu imefutwa.

Kwaiyo fungua gemu saivi, nenda kwenye setingi, tafuta sehemu ya akaunti, unganisha na Facebook au Google, au kwa CODM akaunti ya Activision, kampuni yenye gemu. Ukiweza unganisha mbili, moja ikigoma nyingine ipo. Alafu angalia hiyo Facebook yenyewe umeisajilia kwa laini gani, mana wengi wetu tuna laini tuliyoitupa zamani na siku Facebook ikiomba namba ya uhakiki inaenda kwenye simu ya mtu mwingine, weka barua pepe unayoifungua kweli. Mwisho piga picha ya skrini yenye UID yako, yaani namba ya utambulisho wako ndani ya gemu, mtumie mshikaji mmoja aihifadhi, ukiomba msaada wa kurudishiwa akaunti watakuuliza hiyo.

Na akaunti za kununua usinunue. Utatuma hela kwenye simu, utapewa neno la siri, baada ya wiki mwenye akaunti wa kwanza anairudisha kwa barua pepe yake na hela imeshaenda.

HATUA YA 3: Hakikisheni mko gemu moja kweli

Hili linakula muda kuliko yote. Mtu anakwambia "nimepakua PUBG" kumbe kapakua PUBG Mobile Lite mana simu yake ndogo, na Lite na ile kubwa haziingiliani, marafiki tofauti, akaunti tofauti, hamtokutana humo hata mngekaa chumba kimoja. Free Fire ni kinyume chake, ile ya kawaida na Free Fire MAX zinaingiliana, unaingia na akaunti ileile na mnacheza lobi moja, kwaiyo mwenye simu yenye nguvu achukue MAX na mwenye simu ya kawaida abaki na ya kawaida. CODM nayo ina toleo la kampuni ya Garena la kule Asia na toleo la Activision tunalotumia sisi, akaunti haihami kutoka moja kwenda nyingine, ndo mana nakataza watu kupakua kutoka kwenye tovuti za ajabu, pakua Play Store.

VPN (programu inayoficha uko nchi gani) zima siku unafungua akaunti mpya. Free Fire akaunti inafungwa na eneo, ukiianza huku VPN inasema uko nchi nyingine utashangaa mbona humpati mwenzako wa mtaa wa pili.

HATUA YA 4: Wiki ya mwisho ya msimu

Fanya vitu vichache tu. Kusanya zawadi zako zote za misheni na za pasi ya msimu, mana zile ambazo hujabonyeza zinaweza kwenda na msimu. Angalia saa ya kufungwa, wengi wanaandika kwa UTC, saa za kimataifa, na sisi tuko masaa matatu mbele, kwaiyo ukikuta 00:00 UTC kwetu ni saa tisa usiku, ile mechi unayotaka kuimalizia "kesho asubuhi" haipo.

Alafu apdeti. Msimu mpya unakuja na apdeti kubwa, na asiye na apdeti hawezi kuingia lobi ya mwenye nayo. Sisi tunapakua usiku kwa bando la usiku, na tumekubaliana mapu (viwanja vya mechi) zipi kila mtu lazima awe nazo, mana ukibana nafasi ukaacha kupakua mapu fulani, kiongozi wa lobi akiichagua wewe unabaki nje na watu wanne wanakusubiri.

HATUA YA 5: Siku za kwanza usikimbilie ranki

Najua hapa wengi hamtakubaliana na mimi. Siku ya kwanza ya msimu kila mtu anataka kuanza kupanda. Shida ni kwamba wale waliokua juu kabisa wote wameshushwa wako huku chini na wewe, kwaiyo siku zile za mwanzo unakutana na majabali kwenye ngazi ambayo kawaida ina watu wa saizi yako. Sisi wiki ya kwanza tunacheza mechi za kawaida, tunajaribu bunduki zilizobadilishwa nguvu, tunarekebisha sensitiviti (kasi ya skrini kufuata kidole), majabali yakishapanda zao na sisi ndo tunaingia. Tunafika palepale na hatugombani.

HATUA YA 6: Mwenzako akiwa nyuma sana

Huku kwetu hili linatokea kila mwaka. Ikifika Oktoba minada ya korosho imeanza, yule wetu wa Newala yuko shambani kwa baba yake anaokota korosho kutwa nzima, jioni mgongo umekufa, gemu haigusi. Anarudi baada ya mwaka mpya, msimu wa ranki umepita bila yeye, ameshushwa, na sisi tuko juu.

Gemu nyingi zikiona kundi lina mtu wa juu na mtu wa chini zinawapa wapinzani wa kumfaa yule wa juu. Maana yake unamwingiza mdogo wako kwenye moto asioujua. Nyingine zinakataa kabisa kundi lenye tofauti kubwa. Na hesabu ya watu nayo iangalieni, kwa mfano Valorant, gemu ya bunduki ya watano kwa watano, kwenye ranki wanakubali mmoja, wawili, watatu au watano, wanne hamwingii.

Tunachofanya sisi ni hiki. Kwanza hatumfungulii mtu akaunti ya pili ya kushuka nayo chini, mana unaenda kuwaonea watu wanaojifunza na yeye mwenyewe hajifunzi kitu, anakuangalia mgongo tu. Badala yake aliye karibu naye kwa ranki ndo anapanda naye, wawili wawili, na sisi wengine tunacheza nao mechi za kawaida mpaka wafike. Inachukua muda na ndo gharama yenyewe, lipeni.

Pili, chagueni aina ya mechi anayofufuka. Search and Destroy ukifa umekaa mpaka raundi iishe, na mtu aliyeota kutu atakaa anaangalia usiku mzima, hiyo wekeni pembeni. Anzeni na Domination, ya kugombania bendera, ukifa unafufuka. Zile bendera tatu, mpe kulinda ya nyumbani, kazi moja tu, asimame mahali pamoja anapopajua, wanakuja anapiga, anakufa anafufuka anarudi palepale. Juzi kwenye mapu ya Standoff, wa Newala mechi ya kwanza alikufa mara nyingi mpaka akanyamaza kabisa, mechi ya tatu nikamsikia kwenye maiki, sauti ya chini, "yupo dirishani, wa pili, kabaki roho kidogo", mwenzetu wa Lindi akageuka akammaliza, na kuanzia hapo akaanza kuongea kama zamani. Ukisikia mtu anaanza kutoa taarifa ujue amerudi.

Tatu, mkipoteza tatu mfululizo tokeni kwenye ranki. Pointi zinakatwa na hasira zinapanda, na maneno yanayosemwa kwenye mechi ya nne ndo yanavunja skwadi.

HATUA YA 7: Mtandao na maiki

Pingi, yaani milisekunde za simu yako kwenda kwenye seva na kurudi, angalieni kabla ya kubonyeza ranki. Mimi hapa nikiona inacheza kwenye mia na ishirini naingia, ikianza kuruka mia tatu naacha hata kama nina hamu vipi. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika kule kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, Tanzania nzima ikawa inatambaa, na bado kuna watu waliingia ranki siku zile wakashuka ngazi nzima wakalaumu bunduki. Siku mtandao umekufa pumzika, au ingia sehemu ya mazoezi.

Maiki: kama kuna feni nyuma yako au redio ya jirani, zima mpaka uwe na la kusema. Ukifa toa taarifa moja, yuko wapi na kabaki na roho kiasi gani, alafu nyamaza waliobaki wasikie hatua za miguu. Mapu zipeni majina yenu ya Kiswahili, sisi tuna "dukani", "gesti", "uchochoroni", mtu anageuka kabla hujamaliza neno.

HATUA YA 8: Wekeni siku

Yetu ni Ijumaa saa tatu usiku. Mtu asipoonekana tunamsubiri robo saa, asipokuja tunacheza za kawaida, ranki hatuigusi bila yeye. Umeme ukimkatikia mmoja mechi hiyo tunaimalizia alafu tunatoka. Ila yule wa shambani ndo tofauti, nafasi yake ya tano inakaa wazi kuanzia Oktoba, tunaingia na mtu yeyote gemu litakayetupa, hatumweki mtu wa kudumu hapo mpaka minada iishe na yeye arudi.