Sindromu ya Angelman: kumbukumbu za nyumbani zinazomsaidia mtoto katika matibabu na utafiti

Mtoto mwenye sindromu ya Angelman, hali ya kijenetiki inayoathiri ubongo, kwa kawaida hasemi, au ana maneno machache sana, na anaweza kucheka hata anapoumwa. Ndiyo maana daktari anayemtibu na mtafiti anayetafuta dawa wote wanategemea kile alichokiona mlezi na kukiandika vizuri. Yafuatayo ni mambo ya kuandika, jinsi ya kuyaandika, na makosa yanayofanya kazi hiyo ipotee bure.

Anza na aina ya hitilafu

Harry Angelman, daktari wa watoto wa Uingereza, alieleza habari za watoto watatu wa kwanza mwaka 1965. Chanzo kilijulikana mwaka 1997: ni jeni iitwayo UBE3A, iliyoko kwenye kromosomu ya 15, mojawapo ya vifurushi vya jeni ndani ya seli. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya mama na moja ya baba, lakini ndani ya seli za neva za ubongo nakala ya baba huwa imenyamazishwa. Ya mama isipofanya kazi, hakuna nyingine ya kushika nafasi yake. Hali hii humpata takriban mtoto 1 kati ya 12,000 hadi 20,000.

Nakala ya mama hupotea kwa njia nne. Kwa watoto wapatao 70 katika kila 100, kipande cha kromosomu 15 kilichobeba jeni hiyo kinakosekana kabisa. Kwa wapatao 10, kipande kipo ila jeni yenyewe ina kosa la ndani. Kwa wachache, mtoto amepata nakala zote mbili za kromosomu ya 15 kutoka kwa baba, na wengine wachache wana kasoro kwenye eneo linaloweka alama ya "hii ya mama, hii ya baba". Wapo pia watoto wenye dalili zote ambao vipimo havijaonyesha kosa.

Usikubali kuondoka na karatasi iliyoandikwa "Angelman" tu. Aina inaeleza mengi: wenye kipande kinachokosekana huwa na kifafa kizito zaidi, na mara nyingi ngozi na nywele zao ni nyepesi kuliko za ndugu zao, hivyo wanahitaji kukingwa na jua. Majaribio mengi ya dawa nayo huchagua washiriki kwa aina. Mfuatano wa vipimo unaofaa ni huu:

1. Kipimo cha methilesheni ya DNA, yaani alama za kikemikali zinazonyamazisha jeni. Hiki hugundua watoto wapatao 80 katika 100, lakini hakisemi ni aina gani kati ya zile tatu zinazobadili methilesheni.
2. Kikionyesha kasoro, hufuata kipimo cha kutafuta kipande kinachokosekana. Kisipoonekana, damu ya wazazi inahitajika ili kujua kama kromosomu zote mbili zimetoka kwa baba, na kama sivyo, eneo la alama lichunguzwe.
3. Methilesheni ikiwa ya kawaida, jeni ya UBE3A isomwe herufi kwa herufi.

Kosa linalojirudia ni kuanza na usomaji wa jeni nyingi kwa pamoja, majibu yakarudi safi, familia ikaambiwa mtoto hana Angelman. Kipimo cha namna hiyo kinaweza kupitwa na kasoro za methilesheni. Kosa la pili: ripoti inaonyesha kipande kinachokosekana kwenye kromosomu 15 na kazi ikaishia hapo. Kipande hichohicho kikikosekana upande wa baba, mtoto ana sindromu ya Prader-Willi, yenye matunzo tofauti kabisa. Methilesheni ndiyo inayozitenganisha.

Kuhusu mimba zijazo, uwezekano wa kujirudia ni chini ya 1% katika visa vingi vya kipande kinachokosekana na vya kromosomu mbili za baba. Hufika 50% ikiwa mama amebeba kosa la UBE3A au kasoro ya kurithi kwenye eneo la alama. Mama anaweza kuwa mzima wa afya kwa sababu kosa alilirithi kwa baba yake. Hakuna alichofanya kuleta hali hii, na ndugu za ukoo walielewe hilo mapema kabla maneno hayajaanza. Katika hali hiyo dada zake mama nao washauriwe kupima kabla ya kuzaa.

Ukurasa wa mbele wa faili

Faili linaweza kuwa nene, lakini ukurasa wa kwanza ndio utakaosomwa usiku wa dharura. Uwe mmoja tu, wenye tarehe ya kuandikwa, na uwe na: jina na tarehe ya kuzaliwa, aina ya hitilafu, uzito wa sasa kwa kilo na siku alipopimwa, kila dawa kwa miligramu na saa zake, dawa zilizowahi kushindwa na kwa nini, mzio, na mpango wa dharura wa kifafa wenye sahihi ya daktari. Uzito usisahaulike, maana dozi nyingi za watoto hukokotolewa kwa kilo. Uzito wa mwaka jana unaweza kumpa mtoto dozi pungufu. Andika miligramu badala ya "kijiko kimoja" au "kidonge nusu", kwa kuwa nguvu ya dawa hutofautiana kati ya chupa na chupa. Ukurasa ukibadilika, ule wa zamani uutie nyuma ya faili, usiutupe. Nakala moja ya karatasi ikae kwenye mkoba wa mtoto, kwa sababu simu huisha chaji.

Kifafa

Zaidi ya 80% ya watoto hawa hupata kifafa, wengi wakianza kati ya mwaka 1 na 3, na mara nyingi wakati wa homa. Kila tukio liandikwe: saa lilipoanza na kuisha, kilichotangulia, upande wa mwili ulioanza, macho yalivyokuwa, rangi ya midomo, na mtoto alichukua muda gani kurudi katika hali yake. Ongeza mambo matatu ambayo hueleza sababu mara nyingi: je, alikuwa na homa, alikosa dozi, au alilala vibaya usiku uliotangulia? Mtu wa pili akiwepo, arekodi video inayoonyesha mwili mzima, uso na mikono yote miwili, huku mmoja akimwita mtoto kwa jina ili ionekane kama anaitika.

Mtoto akiwa kwenye mshtuko, mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, usimtie kitu chochote mdomoni, tazama saa. Ukifika dakika 5, au mishtuko ikifuatana bila mtoto kuzinduka katikati, ni dharura: mpe dawa ya dharura kama ameandikiwa, na aende hospitali.

Ipo aina moja inayopita bila kuonekana, na hii tunaisisitiza kuliko nyingine zote. Mtoto haanguki. Kwa saa nyingi au hata siku kadhaa anakuwa mzito, udende unaongezeka, hatembei kama kawaida, anaacha kula, vidole vinatikisika kidogokidogo. Watu hudhani ni mafua au usingizi wa dawa. Huenda ni kifafa kinachoendelea bila degedege, na njia ya kukithibitisha ni kipimo cha EEG kinachosoma umeme wa ubongo. Mtoto akipoteza ghafla uwezo aliokuwa nao, omba EEG siku hiyohiyo.

Kwa upande mwingine, EEG ya Angelman huwa na mawimbi makubwa yasiyo ya kawaida hata mtoto anapokuwa hana mshtuko wowote. Karatasi ya EEG peke yake haitoshi kuongeza dozi; ilinganishwe na daftari lako. Dawa kama levetiracetam na clobazam hutumika sana. Carbamazepine na vigabatrin zimeripotiwa kuzidisha kifafa kwa watoto hawa, kwa hiyo zikitajwa, muulize daktari swali hilo wazi. Dawa yoyote ya kifafa haikatizwi ghafla. Hupunguzwa hatua kwa hatua kwa maelekezo.

Usingizi na maumivu

Kulala saa chache na kuamka usiku ni sehemu ya hali yenyewe. Jaza chati ya wiki mbili kabla ya kumwona daktari: saa ya kupanda kitandani, ya kulala, kila kuamka, na saa ya kuamka asubuhi. Bila chati hiyo ni vigumu kujua kama melatonin (homoni ya usingizi) au dawa nyingine imesaidia. Chumba kiwe salama kwa mtoto aliye macho peke yake: kabati lifungwe ukutani, waya zifichwe. Wengi wao hupenda maji kupita kiasi, hivyo ndoo, karo na bwawa vifunikwe au kufungwa, na mtoto asiachwe peke yake penye maji hata kidogo.

Kicheko kikizidi ghafla, au mtoto akianza kujiuma mikono, kuvuta nywele za watu na kukataa kulala, tafuta maumivu kwanza: masikio, meno, choo kigumu, tindikali inayopanda kutoka tumboni. Andika siku za choo. Mgongo nao ukaguliwe kila mwaka, kwa kuwa uti wa mgongo huweza kupinda, hasa mtoto anaporefuka haraka.

Kumpa njia ya kusema

Watoto hawa huelewa mengi kuliko wanavyoweza kutamka. Usisubiri mtoto "awe tayari". Anza na ubao wa picha sasa. Picha za chakula na vitu vya kuchezea peke yake zitamfundisha kuomba tu. Weka pia maneno yanayofanya kazi kila mahali: nataka, sitaki, zaidi, acha, nenda, nisaidie, inauma, wewe, nini. Kila neno likae mahali pamoja siku zote, maana mkono hujifunza njia, na ukihamisha picha unamrudisha mwanzo.

Anayetakiwa kuutumia ubao kwanza ni mtu mzima. Unaposema "twende nje", gusa picha ya *nenda*. Fanya hivyo siku nzima kwa miezi, bila kumlazimisha mtoto akuige na bila kumshika mkono. Ukimuuliza, nyamaza uhesabu kimyakimya hadi 10 au zaidi. Mwili wake unachelewa kutekeleza anachokusudia, na swali linalorudiwa haraka humvuruga aanze upya. Ubao huachwa zaidi kwa sababu hii moja: unafungiwa kabatini "usiharibike", au unabaki shuleni. Tengeneza nakala kadhaa zilizofunikwa kwa plastiki.

Kuingia kwenye utafiti

Hatua ya kwanza ni sajili ya wagonjwa. Ipo sajili ya kimataifa ya Angelman inayojazwa na wazazi kwa intaneti. Inaomba ripoti ya jeni, historia ya kifafa, usingizi na ukuaji. Faili lako likiwa sawa, unanakili tu. Jaza hata kama mtoto hajapata dalili fulani, kwa maana "hapana" nayo ni taarifa, kisha uhuishe kila mwaka. Tafiti za kufuatilia ukuaji bila kutoa dawa nazo ni muhimu: ndizo zinazoonyesha mtoto angeendeleaje bila tiba, na bila hizo dawa mpya haina cha kulinganishwa nacho.

Tiba zinazojaribiwa sasa zinajumuisha molekuli fupi zinazoondoa kinyamazishi cha nakala ya baba, zikidungwa kiunoni kwenye majimaji yanayozunguka uti wa mgongo. Matumaini ni ya kweli, na hatari pia. Mwaka 2020 jaribio mojawapo lilisimamishwa baada ya washiriki kupata udhaifu wa miguu. Walipona, na likaendelea baadaye kwa utaratibu uliobadilishwa. Kabla ya kutia sahihi, uliza: kamati ipi ya maadili imeidhinisha? Awamu ya ngapi? Kuna kundi la kulinganisha lisilopewa dawa? Mtoto atapewa nusu kaputi mara ngapi? Nauli na malazi analipa nani? Akidhurika, nani anamtibu? Jaribio likiisha na dawa imemfaa, ataendelea kuipata? Akipokea tiba hii, atafungiwa mlango wa jaribio jingine?

Majaribio mengi hutaka dawa za kifafa ziwe hazijabadilishwa kwa wiki kadhaa kabla ya kuingia. Kama kubadilisha kunahitajika kwa usalama wa mtoto, badilisha. Nafasi nyingine zitakuja. Anayekutoza pesa ili mtoto apokee "tiba ya jeni" au "seli shina" za Angelman mkimbie, hasa asipoweza kukuonyesha namba ya usajili wa jaribio.

Familia inaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu na bila matibabu ya kawaida ya mtoto kuathirika. Hakikisha ridhaa inasema hivyo kwa maandishi, na inaeleza pia sampuli za damu na data zilizokwisha kukusanywa zitafanywa nini mkijitoa. Nakala yako ya ridhaa iliyotiwa sahihi itie kwenye faili, nyuma ya ripoti ya jeni.