Straika Unayetaka Kucheza Nje: Mkataba Wako Ni Sehemu ya Mchezo

Mabao unajua kufunga, ndiyo maana simu imeita. Yanayofuata baada ya simu hiyo ndiyo yanayowakwamisha washambuliaji wengi wa kwetu, na mengi yako kwenye karatasi.

Anza na umri. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kusajiliwa na klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kwa mfano wazazi wake wanapohama kwa shughuli zisizohusiana na mpira. Anayemwahidi kijana wa miaka 16 wa Temeke au Mathare kwamba mwezi ujao atasajiliwa Ulaya anamdanganya, hata akija na jezi na picha za uwanja.

Wakala lazima awe na leseni ya FIFA. Majina ya wenye leseni yako wazi kwenye tovuti ya FIFA, na unachotafuta ni jina la mtu kama lilivyo kwenye pasipoti yake, maana leseni ni ya mtu, si ya kampuni. Mkataba wako naye usizidi miaka 2, na kifungu kinachosema utajiongeza wenyewe hakina nguvu. Wakala wa kweli anakula asilimia dili likikamilika. Anayetaka umtumie hela ya "kushughulikia viza" au "kushika nafasi ya majaribio", achana naye siku hiyohiyo.

Ukiitwa majaribio, dai barua ya mwaliko inayotaja tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na nani analipia tiketi ya kwenda na kurudi, malazi, chakula na bima ya matibabu. Kisha ipigie klabu kwa namba iliyo kwenye tovuti yao, si ile iliyoandikwa kwenye barua. Bima isikupite: ukichanika msuli wa paja siku ya tatu bila bima, bili ya hospitali ni yako na klabu huwezi kuidai lolote. Kama bado una mkataba nyumbani, ondoka na ruhusa ya maandishi ya klabu yako.

Video iwe ya dakika 4 au 5, na uambatanishe mechi 3 nzima, moja wapo ikiwa ile ambayo hukufunga. Skauti anataka kuona unafanya nini mpira ukiwa mbali: unambana beki anapoanza kujenga, unaangalia nyuma kabla ya kupokea, unakimbilia nguzo ya karibu sekunde ileile beki wa kati anapogeuza kichwa kumtazama winga. Ukikimbia kabla hajageuza kichwa, anakufuata. Ukichelewa, krosi imeshapita.

Kuhusu uende wapi, msimamo wetu ni mmoja: nenda utakakocheza. Mbwana Samatta alitoka Simba kwenda TP Mazembe ya Congo mwaka 2011, akakaa Lubumbashi hadi alipotwaa Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, ndipo Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji. Aston Villa ilikuja 2020, akiwa tayari amefunga mabao 23 katika msimu mmoja wa ligi ya Ubelgiji, 2018/19. Michael Olunga wa Kenya naye alibaki Kashiwa Reysol ya Japani iliposhuka daraja. Novemba 2019, akiwa daraja la pili, aliitupia Kyoto mabao 8 katika mechi moja; mwaka uliofuata, ligi kuu ya Japani, akamaliza na 28, mfungaji bora na mchezaji bora wa msimu. Straika anayekaa benchi miezi sita katika klabu yenye jina hurudi sokoni akiwa hana cha kuonyesha.

Sasa mkataba wenyewe. Congo utaletewa wa Kifaransa, Misri au Oman wa Kiarabu. Usisaini lugha usiyoisoma. Omba tafsiri, kisha uangalie ni lugha ipi itashika kukiwa na utata. Mshahara uandikwe ni kabla au baada ya kodi, maana katika baadhi ya nchi za Ulaya kodi na makato vinaweza kula karibu nusu. Uandikwe kwa sarafu gani na unalipwa tarehe ngapi. Bonasi ya mabao itaje kama penalti na mechi za kombe zinahesabika. Nyumba, gari na tiketi za likizo, kama hazimo kwenye karatasi, hesabu kwamba hazipo. Vipimo vya afya vinatangulia saini: kanuni haziruhusu uhalali wa mkataba kutegemea kufaulu vipimo au kupata kibali cha kazi, kwa hiyo kifungu cha namna hiyo kikataeni wewe na wakala wako mapema.

Mshahara ukichelewa ndipo wengi wanapojiharibia. Mchezaji anakaa miezi miwili bila kulipwa, anapandwa na hasira, anakata tiketi anarudi nyumbani. Sasa yeye ndiye aliyevunja mkataba: anaweza kudaiwa fidia na kufungiwa miezi 4. Kanuni inakupa njia nyingine. Klabu ikikuomba uvumilivu hadi mishahara ya miezi 2 ipite bila kulipwa, andika barua. Itaje kila deni kivyake: "mshahara wa Septemba, uliopaswa kulipwa tarehe 5 Oktoba, kiasi hiki, mshahara wa Oktoba, uliopaswa kulipwa tarehe 5 Novemba, kiasi hiki." Ipe klabu siku 15 kamili kulipa zote, na uweke akaunti ya benki. Itume kwa barua pepe rasmi ya klabu na kwa kampuni ya usafirishaji inayokupa risiti. Ujumbe wa WhatsApp kwa meneja wa timu peke yake usiutegemee. Katika siku hizo 15 endelea kwenda mazoezini kila siku, kwa wakati, hata wakikutenga na kikosi, na uweke picha na tarehe. Zikiisha bila malipo kamili, una sababu halali ya kuvunja. Madai yapelekwe FIFA kabla ya miaka 2 kupita. Mchezaji halipishwi ada ya kufungua kesi huko.

Uwanjani, baridi inahitaji nusu saa ya kupasha misuli, hasa kama unaingia kipindi cha pili; kaa benchi ukiwa na nguo nzito miguuni na usimame mara kwa mara. Beba daluga jozi mbili, moja ya meno ya kufunga kwa skrubu kwa ajili ya nyasi zenye matope.

Zikibaki miezi 6 mkataba uishe, una haki ya kusaini na klabu nyingine kwa ajili ya baadaye. Kabla hapo, klabu inayokutaka lazima izungumze na klabu yako kwanza. Na hakikisha shirikisho lako la nyumbani lina kumbukumbu sahihi za kila timu uliyosajiliwa tangu ukiwa na miaka 12: asilimia 5 ya ada ya uhamisho wako hugawiwa timu zilizokulea, na tarehe moja ikikosewa, timu ya mtaani kwenu hukosa fungu lake.