Gari linapungua mwendo lenyewe? Tazama kwanza mshale wa RPM

Gari likianza kupungua mwendo huku mguu bado uko kwenye mafuta, wengi hukimbilia kubadilisha plagi, labda kwa sababu ndizo rahisi kununua. Kabla hujatoa hela, angalia mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unafanya nini wakati huo.

Mshale ukipanda huku gari halikimbii, klachi inateleza, au gia boksi kama ni otomatiki. Kwa otomatiki, pima oili ya gia boksi. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, umeshapata pa kuanzia.

Mshale ukishuka pamoja na spidi, ama breki zinashika ama injini haina nguvu. Tafuta barabara tambarare isiyo na magari, fika 40 km/h, weka gia ya N (huru) bila kuzima injini. Likiserereka kama kawaida, breki hazina kosa. Likisimama upesi, weka magogo, piga jeki, zungusha kila gurudumu kwa mkono. Lililo gumu, legeza nati ya kutolea upepo kwenye kalipa yake (kifaa kinachobana pedi za breki). Gurudumu likiachia mara tu maji ya breki yanapochuruzika, presha ilinaswa, na mara nyingi mkosaji ni hosi ya mpira iliyovimba kwa ndani: mguu unasukuma maji yapite, lakini kurudi hayarudi. Kwa nje hosi hiyo huweza kuonekana mpya kabisa. Lisipoachia, pistoni au pini za kalipa zimeshika kutu. Ukimaliza kutengeneza, toa upepo; usiondoke mpaka pedeli iwe ngumu.

Kama ni injini, gari hufa nguvu zaidi mlimani, na hapo shuku mafuta. Toyota nyingi za petroli zenye injekta za kawaida (zisizopuliza moja kwa moja ndani ya silinda) huhitaji presha ya mafuta ya psi 44 hadi 50; psi ni kipimo cha presha. Usiridhike na kipimo cha sailensi, yaani injini ikiunguruma bila kukanyaga. Presha ya pampu iliyochoka au filta iliyoziba hushuka ukikanyaga. Pampu nyingine hufanya vizuri ikiwa baridi, ikichemka inalegea, ukipumzisha gari inarudi.

Taa ya cheki injini ikiwakawaka, kuna silinda haichomi. Punguza mwendo na usiende mbali: petroli mbichi inakwenda kuungulia kwenye sega la ekzosi (katalitiki, kisafisha moshi), na sega likiyeyuka linaziba njia ya moshi. Kuhakikisha kama limeziba, fungua sensa ya oksijeni iliyo mbele yake, funga geji ya presha hapo, injini ikiwa 2,500 RPM. Ikizidi psi 3, moshi hautoki vizuri.