Kabla hujashuka Kitonga na mzigo

Ukikanyaga breki, kinachopunguza mwendo ni gari peke yake. Wewe, mtoto, gunia la viazi na dumu la mafuta ya kula bado mna ule mwendo wa mwanzo, na mtaendelea nao mpaka kitu kiwashike. Hiyo ndiyo inesha, ubishi wa kila kitu dhidi ya kubadilishiwa hali yake, na ndiyo sheria ya kwanza ya mwendo katika kitabu alichotoa Newton mwaka 1687. Anayewashika anaweza kuwa msuguano, kamba au mkanda. Vyote vikikosekana, basi ni kioo cha mbele. Ndiyo maana kabla ya kutoka Iringa kurudi Dar, kwa barabara inayoshuka mteremko mkali wa Kitonga, buti likiwa limejaa, mimi hukagua gari zima kwa swali moja: hiki kinashikwa na nini?

Swali hilo lilinigharimu sufuria ya pilau. Niliiweka siti ya nyuma, nikijua kwa uzito ule haiendi popote. Nikakutana na tuta lisilo na alama, nikabana breki, siti ikasimama na sufuria ikaja mbele kutusalimia. Wiki mbili nilikuwa bado naokota punje za wali kwenye reli ya siti. Kosa langu ni la wengi. Kweli kitu kizito hujikandamiza zaidi chini na kupata msuguano mwingi, lakini ndicho hicho hicho kigumu kusimamishwa, na kwa kiwango kile kile. Uzito peke yake haukupi faida yoyote.

Basi panga magunia chini, yakigusana na mgongo wa siti. Usiache upenyo wa kufumbia macho, maana kwenye ule upenyo ndipo mzigo unapopata nafasi ya kutembea kabla ya kugonga. Kisicho na kamba kisipande juu ya usawa wa siti. Cha kwenye keria kifungwe mbele, nyuma na ubavuni, kisha ukifika Ilula, kabla ya mteremko, shuka ukaze tena. Mtikisiko wa njiani umeshaushusha mzigo, na kamba uliyoivuta kwa nguvu zote asubuhi utaikuta inacheza. Vimiminika vina tabia zao. Dumu lililojaa pomoni hukaa kimya kuliko lililofika nusu, kwa sababu kwenye nusu maji yana uwanja wa kukimbilia. Akina mama wanaobeba ndoo kichwani wanalijua hili siku nyingi: huweka majani juu ya maji ili yasuguane nayo na kuyatuliza mawimbi.

Watu nao wafungwe, wa nyuma wakiwemo. Mkanda wa pointi tatu tunaoutumia leo ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na kampuni ikauachia hataza wengine wautumie. Wapo wanaopakata mtoto wakiamini mikono ya mama inatosha. Fanya hesabu: gari la kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ndani ya nusu mita, mtoto wa kilo 10 atavuta mikono hiyo kama mzigo wa kilo 200 hivi. Hayo ni magunia mawili ya mahindi. Hakuna mama wa kuyadaka.

Gari lenyewe linashikwa na tairi tu, na kila tairi hugusa lami sehemu ndogo, kama kiganja cha mkono. Pima upepo asubuhi, tairi zikiwa za baridi, na uongeze kulingana na mzigo kama ilivyoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Tazama kashata, ile mifereji ya kwenye tairi. Kazi yake ni kuyapa maji njia ya kutokea, ndiyo maana tairi kipara huweza kukuvumilia kiangazi chote halafu likakusaliti siku ya mvua. Mvua ya dakika za mwanzo ndiyo mbaya zaidi, inapochanganyika na vumbi na mafuta yaliyomwagika barabarani. Kwenye lami kavu, gari la kilomita 80 kwa saa linahitaji kama mita 36 kusimama tangu breki ziume. Ikilowa, 60 na kitu. Bado hujahesabu ile sekunde ya kushtuka, ambayo peke yake inakula mita 22. Punguza hadi 40, na zile 36 zinabaki 9. Mwendo nusu, umbali robo.

Sasa Kitonga. Breki hufanya kazi kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Ukiikalia pedali mteremko mzima, pedi zinachemka mpaka zinapoteza ukali. Mafuta ya breki ya zamani hunyonya unyevu na huchemka mapema, hapo pedali inazama kama umekanyaga godoro. Kwa hiyo kabla ya safari mwulize fundi mambo mawili: unene wa pedi, na mafuta yalibadilishwa lini. Juu ya mlima, ingia gia ndogo kabla gari halijachukua mwendo. Injini haipendi kuzungushwa kwa nguvu na matairi, na huko kugoma kwake kunalishika gari bila kuchemsha breki. Wanaopiga nyutro eti kubana mafuta wanaitupa breki yao ya bure, tena kwenye kona zile zenye malori.

Ukinusa kitu kinaungua, egesha palipo salama usubiri; usizimwagie breki maji. Chini, Ruaha Mbuyuni, utataka kununua vitunguu. Usitegemee hendibreki peke yake wakati vyuma bado vya moto: vikipoa vinasinyaa, mbano unalegea, gari linaanza kutembea wewe ukiwa kwenye bei. Liache kwenye gia, weka na jiwe kwenye tairi upande wa mteremko. Ukimaliza, vitunguu viweke sakafuni nyuma ya siti ya dereva, siyo pale juu kwenye kioo cha nyuma, na jiwe ulitoe kabla ya kuwasha.