Ukienda kuishi Bali, beba kikoi

Mpwa wangu kapata kazi Ubud, mji wa kisiwa cha Bali, Indonesia, akanijia hapa Kibokoni kuniuliza abebe nini. Nilikaa huko miaka miwili, nikamwambia: kikoi. Hekaluni huingii na kaptula, na kikoi chetu kinafaa kabisa, ila juu yake ujifunge mshipi wa kitambaa. Siku ya kwanza niliusahau. Mzee mmoja akanifunga mwenyewe kama mtoto wa chuoni.

Kutoa na kupokea ni kwa mkono wa kulia, hilo twalijua. Asubuhi tazama chini: visahani vya makuti vyenye maua, canang sari, huwekwa mlangoni hata njiani. Usivikanyage.

Ukitaka kujifunza gamelan, muziki wa kwao wa kugonga vibamba vya shaba, vua viatu, uketi chini, na usikiruke chombo, kizunguke. Piga kibamba kwa nyundo, kisha ukizime kwa vidole vya kushoto huku mkono wa kulia ushafika kibamba cha pili. Hapo nilitoka jasho wiki tatu! Vyombo huundwa jozi, sauti ya kimoja ikiwa juu kidogo ya mwenzake, ndipo sauti ikatetema. Wenyewe huita ombak, yaani wimbi.

Siku ya Nyepi, mwaka mpya wao wa kukaa kimya, hakuna kutoka nje, hata uwanja wa ndege hufungwa saa 24. Nunua chakula mapema.