Epoksi kwenye karakana iliyojaa mashine: piga nusu nusu

Kama karakana yako ya nyumbani imejaa mashine na huna pa kuzitoa, usihangaike kukodi kontena, gawa sakafu mara mbili. Sukumia kila kitu upande mmoja, piga epoksi (rangi ngumu ya sakafu, resini unayochanganya na kigandishi chake) upande wa pili, ikikauka vizuri unahamia. Ila kazi yenyewe iko kwenye maandalizi jamani, hapo ndo watu wengi wanaharibu. Oili iliyomwagika miaka yote isuguliwe na sabuni ya kuondoa grisi mpaka maji ukiyamwaga yatandae, yasijikusanye matone, halafu piga grinda ya diski ya almasi sakafu iwe na ukwaruzo kama msasa, maana epoksi haishiki simenti laini. Na kabla ya yote bandika kipande cha nailoni sakafuni kwa tepu, kikae saa 16 au zaidi, ukifunua ukikuta jasho chini yake basi unyevu unapanda, hapo usipige kwanza.

Changanya kidogo kidogo, hasa kwenye joto la Dar au Mombasa, na ukishachanganya mwaga sakafuni mara moja utandaze, kwa sababu ikikaa ndoani inajipasha yenyewe na kuganda. Tepu uliyobandika mpakani mwa nusu mbili ivue ikiwa bado mbichi. Ule ukingo piga msasa kabla ya kuunganisha nusu ya pili. Mashine nzito kama lathe (ya kukereza vyuma) ipe siku 7 ndo uirudishe, tena kwa kuinyanyua, usiiburute, na chini weka vipande vya plaiwudi.