Ndugu yako akikamatwa Lamu au Malindi: jinsi ya kuomba bondi na dhamana

Habari ikikufikia kwamba mwanao, mumeo au ndugu yako amekamatwa, andika saa aliyokamatwa kabla ya kufanya lolote jingine. Mtu aliyeona akukumbushe: ilikuwa kabla ya adhuhuri, baada ya alasiri, au baada ya isha? Saa hiyo ndiyo utakayoishika mpaka mwisho. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinawapa polisi saa 24 za kumfikisha mahakamani, na asiyejua saa zilianza lini hawezi kujua zimekwisha lini.

Hesabu yenyewe ina mtego. Aliyekamatwa Jumatano saa tatu asubuhi lazima awe mahakamani kufikia Alhamisi saa tatu asubuhi. Lakini aliyekamatwa Ijumaa saa kumi jioni, saa zake 24 zinamalizikia Jumamosi, siku ambayo si ya kawaida ya mahakama. Hapo Katiba inawapa polisi mpaka mwisho wa siku ya mahakama inayofuata, yaani Jumatatu. Jumatatu ikiwa sikukuu, basi Jumanne. Ndiyo maana wanaokamatwa Ijumaa jioni hulala seli usiku mwingi, na ndiyo maana jamaa wa mtu wa Ijumaa hafai kungoja Jumatatu. Aanze kuomba bondi, yaani kuachiliwa kwa ahadi ya kurudi, usiku uleule.

Kituoni

Nenda na kitambulisho chako, kitambulisho chake ikiwa kiko nyumbani, na dawa zake kama ana sukari, presha au pumu. Watu wa Pate, Siyu na Faza wanajua kwamba safari yenyewe hungoja maji yajae, kwa hivyo kama kuna jamaa anayeishi mjini Lamu, Mokowe au Hindi, mpigie atangulie. Sheria haisemi lazima aende mzazi. Aliyekamatwa ana haki ya kuwasiliana na wakili na mtu mwingine yeyote ambaye msaada wake anauhitaji.

Ukifika kaunta, zungumza kwa upole na kwa ukamilifu: "Afande, salamu alaikum. Nimekuja kumuulizia kijana wangu. Naomba kujua ameandikwa OB namba ngapi, kwa kosa gani, na saa ngapi." OB ni kitabu cha matukio cha kituo. Namba yake ina tarehe ndani yake, na kila ombi utakaloandika baadaye litaitaja. Saa iliyo kwenye OB ikitofautiana na ile uliyoiandika wewe, sema pale pale, bila kugombana, kisha iandike tofauti hiyo pamoja na jina la afisa aliyekuwa kaunta.

Wakikwambia hayupo, uliza vituo vya karibu siku hiyo hiyo, na uwaambie kila mahali kwamba unaandika jibu walilokupa. Orodha hiyo utaihitaji, kama utakavyoona mbele.

Maelezo

Hapa, polisi wanapomhoji na kuandika maelezo yake, ndipo wengi huumia, na huumia kwa sababu ya haraka. Askari anayemkamata mtu anatakiwa kumwambia mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kumkamata, haki yake ya kunyamaza, na matokeo ya kutonyamaza. Kunyamaza si kiburi wala si dalili ya hatia. Anaweza kutaja jina lake na anakoishi, kisha aseme: "Afande, mengine nitayasema nikiwa na wakili." Akisema hivyo, hajavunja sheria yoyote.

Ukiruhusiwa kumwona, mwambie jambo moja zaidi: asitie sahihi karatasi asiyoielewa. Maelezo huandikwa Kiingereza mara nyingi, hata pale mhojiwa amesema Kiswahili au Kibajuni tangu mwanzo. Ana haki ya kusomewa kila sentensi kwa lugha yake, kusahihisha, na kukataa sahihi ikiwa yaliyoandikwa siyo aliyoyasema. Tena hakuna anayeruhusiwa kumlazimisha kukiri. Kwa Sheria ya Ushahidi, ungamo alilotoa kwa mpelelezi wa kesi yake halipokelewi mahakamani. Ili lipokelewe, awe amelitoa mbele ya jaji, hakimu, au afisa mwenye cheo ambaye si mpelelezi huyo, na mtu aliyemchagua mwenyewe awepo.

Akiwa ni mtoto chini ya miaka 18, dai mzazi au mlezi awepo wakati wa kuhojiwa, na asichanganywe na watu wazima. Mwanamke apekuliwe na mwanamke.

Bondi ya polisi

Kwa makosa mengi mkuu wa kituo, yaani OCS, anaweza kumwachilia kwa bondi kabla ya mahakama. Mauaji na wizi wa mabavu hayamo. Hayo husubiri korti. Omba kuonana na OCS mwenyewe, umpe namba ya OB, ueleze mtu wako anaishi wapi, anafanya kazi gani, na nani atamdhamini. Barua ya chifu au mzee wa mtaa inasaidia.

Bondi ni bure. Nasema tena kwa sababu watu wanauza mbuzi na nyavu kwa kutojua: kutia sahihi ahadi ya kurudi hakulipiwi. Ukitakiwa kuweka pesa taslimu, hiyo ni dhamana, nayo ni halali iwapo tu umepewa risiti rasmi ya serikali yenye kiasi kamili na jina la aliyelipa. Bila risiti, usitoe.

Mahakamani

Siku ya kwanza mahakamani asomewe mashtaka, au aelezwe kwa nini anaendelea kushikiliwa, au aachiliwe. Kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi 6, halimweki mtu rumande.

Jihadharini na "kubali tu yaishe". Kijana anaambiwa akikiri atatozwa faini na kwenda nyumbani. Anakiri, analipa, na miaka miwili baadaye anaomba cheti cha tabia njema aende kufanya kazi Ghuba, jina lake linatokea. Kama hakutenda, akane.

Baada ya kukana, aombe dhamana kwa mdomo wake kama hana wakili. Dhamana ni haki yake, isipokuwa upande wa mashtaka uoneshe sababu nzito za kumzuia. Hakimu anaweza kuagiza ripoti ya afisa wa probesheni, naye atakupigia simu au kuja nyumbani. Simu iwe hewani.

Mdhamini kwa kawaida huulizwa hati ya shamba au logibuku ya gari. Hapa pwani familia nyingi zimeishi kwenye ardhi ileile vizazi kadhaa bila hati, na Lamu kisiwani magari ni ya kuhesabu. Msikate tamaa mkarudi nyumbani. Mwambieni hakimu wazi kwamba ardhi haina hati, na muombe dhamana ya pesa kidogo, bondi ya ahadi yake mwenyewe, au mdhamini mwenye mshahara alete payslipu. Masharti yakibaki mazito kupita uwezo, Mahakama Kuu ina mamlaka ya kuyapunguza. Iko Malindi, na iko Garsen.

Kesi za ugaidi, ambazo Lamu inazijua kupita kiasi, zina utaratibu wake: saa 24 ni zilezile, ila mahakama inaweza kuongeza muda wa kushikiliwa, jumla isizidi siku 90. Ni hakimu anayeongeza, polisi hawawezi kujiongezea.

Akiwa haonekani

Ikiwa saa zimepita na hakuna kituo kinachokubali kuwa naye, ombeni Mahakama Kuu itoe amri ya kumleta mbele yake, ile mawakili wanayoiita habeas kopasi. Haki hiyo haiwezi kuwekewa mipaka na sheria yoyote, na jamaa anaweza kuiomba kwa niaba yake. Hapo ndipo ile orodha ya vituo, saa na majibu inapogeuka kiapo chenu cha maandishi mahakamani. Msaada wa kuandika unaweza kupatikana kwa mashirika ya kutetea haki kama MUHURI, Haki Africa au Kituo cha Sheria. Kupigwa na kuteswa kuripotiwe IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, baada ya kumpeleka hospitali na kupata karatasi ya daktari siku hiyo hiyo.

Risiti ya dhamana itunzwe pamoja na vyeti vya nyumbani. Kesi ikiisha, hata akipatikana na hatia, mradi alihudhuria kila siku aliyoitwa, aliyelipa anaandika barua ya kuomba pesa zake, anaambatisha risiti na nakala ya kitambulisho, na anarudishiwa zote.